Mwalimu wa Fizikia Aliyegeuzwa Mfalme

Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za Morogoro na Tanga mpaka nikastaafu, na muda mwingi wa kazi hiyo wanafunzi waliniita Msuguano. Hakuna aliyeniita hivyo usoni, lakini jina la utani la mwalimu lina miguu, lazima litamfikia mwenyewe. Waliiga mwendo wangu, kikohozi changu na namna ninavyofuta ubao kwa kiganja. Mwaka mmoja, kwenye mahafali ya kidato cha nne, waliniigiza jukwaani mbele ya wazazi. Nikacheka, maana mgeni rasmi alikuwa anacheka. Kwa hiyo mwenzangu aliyefundisha Kifaransa aliponiazima kitabu cha maisha ya mshairi na mwandishi wa tamthilia aitwaye Alfred Jarry, mtu wa kwanza kumhurumia humo hakuwa Jarry. Alikuwa mwalimu wake wa fizikia.

Mwalimu huyo aliitwa Félix-Frédéric Hébert. Alifundisha katika lycée, yaani shule ya sekondari, ya mji wa Rennes, magharibi mwa Ufaransa, miaka ya 1880. Alikuwa mnene, mwenye makeke ya maneno, na darasa lilimshinda kabisa. Kila mwalimu anajua maana yake. Ukishindwa kulituliza darasa wiki ya kwanza, habari itahamia kidato kinachofuata kabla yako. Wanafunzi walilipinda jina lake wapendavyo: mara Heb, mara Ébé, na mwishowe likatua kwenye Ubu. Wakamzulia visa, kila kundi likirithi visa vya kundi lililotangulia na kuongeza vyake. Ndugu wawili, Charles na Henri Morin, walivikusanya baadhi yake katika mchezo walioupa jina la Les Polonais, yaani Wapolandi, ambamo mwalimu wao anakuwa mfalme wa Poland na kufanya kila upuuzi unaoweza kufanywa na mwenye tumbo kubwa na akili ndogo.

Jarry aliwakuta na mchezo huo tayari. Alizaliwa Laval tarehe 8 Septemba 1873, baba yake mfanyabiashara wa nguo, mama yake mwanamke wa Brittany mwenye ndoto nyingi ambaye alimchukua yeye na dada yake akaenda kuishi nao Saint-Brieuc. Mwaka 1888, akiwa na miaka 15, akaingia lycée ya Rennes. Alikuwa na kichwa chepesi, mshindi wa zawadi za shule, na pia mkorofi. Haikuchukua muda, yeye na Henri Morin wakawa wanaucheza mchezo wa Wapolandi nyumbani kwa vikaragosi.

Mpaka hapo hakuna cha ajabu. Shule gani haina daftari la namna hiyo linalopitishwa chini ya madawati? Vijana wakimaliza kidato cha mwisho hulichoma, au hulisahau, au huja kulikumbuka wakiwa na mvi kwenye harusi ya mmoja wao. Jarry alilifungasha akaenda nalo Paris. Na alipokuwa mtu mzima, amesoma, amezungukwa na washairi wakubwa wa wakati wake, hakulisafisha wala kulifanya la kiutu uzima. Alilisimamisha jukwaani likiwa na ujinga wake wote wa kitoto. Kwangu mimi uasi wake ni huo, kuliko lile neno chafu linalotajwa kila anapotajwa.

Alifika Paris mwaka 1891 na kusoma lycée Henri-IV, ambako mwalimu wake wa falsafa alikuwa Henri Bergson, mtu ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha École normale supérieure akashindwa, akajaribu tena akashindwa. Lakini mashairi yalikuwa yanamtoka. Kitabu chake cha kwanza, Les Minutes de sable mémorial, kilitoka 1894, kikiwa na michoro aliyoichonga mwenyewe kwenye mbao. Nilisomewa sehemu yake, mstari kwa mstari, na mwenzangu yule wa Kifaransa. Ni mashairi mazito, yenye giza, bundi na damu, ya kijana anayetaka msomaji ajikwae kila hatua. Yalimfungulia mlango wa jarida la Mercure de France, lililoongozwa na Alfred Vallette na mkewe Rachilde, mwandishi wa riwaya. Wawili hao ndio waliomlisha na kumvumilia mpaka mwisho.

Mama yake alifariki 1893, baba yake 1895. Urithi mdogo alioachiwa aliutumbukiza kwenye jarida la picha aliloliita Perhinderion, ambalo alilitengenezea herufi za chapa kwa mtindo wa karne ya 15. Likatoa matoleo mawili likafa. Kabla ya hapo alikuwa ameitwa jeshini. Kwa kuwa alikuwa mfupi, sare ilimmeza, na inasimuliwa kwamba wakubwa wake waliona heri wamwondoe kwenye gwaride kuliko kuwafanya watazamaji wacheke. Mwisho wa 1895 akaachiwa kwa sababu ya ugonjwa. Bila nia, jeshi lilikuwa limempa somo jingine la tamthilia.

Mwaka 1896 akapata kazi ya ukatibu kwenye Théâtre de l'Œuvre ya Lugné-Poe. Katibu huyo alikuwa na ajenda moja, kumshawishi bosi wake auchukue mchezo wa Ubu. Masharti yake aliyaandika waziwazi: Ubu avae kinyago, mwigizaji anayepanda farasi ajining'inize shingoni kichwa cha farasi cha karatasi ngumu, mandhari iwe moja tu, na mahali pakibadilika aje mtu kutundika kibao, jeshi zima liwakilishwe na askari mmoja, na mhusika mkuu awe na sauti yake ya pekee. Yote haya ni mambo ya vikaragosi. Alitaka watu wazima, waigizaji wenye majina, wacheze kama vile vikaragosi vya nyumbani kwa akina Morin.

Tarehe 10 Desemba 1896, baada ya onyesho la matayarisho siku moja kabla, Ubu Roi ikafunguliwa katika ukumbi wa Nouveau-Théâtre, mtaa wa Blanche. Mandhari ilipakwa rangi na Jarry akisaidiwa na wachoraji ambao leo kazi zao zinauzwa kwa mamilioni: Bonnard, Vuillard, Sérusier, Toulouse-Lautrec. Muziki ulitungwa na Claude Terrasse. Kwenye pazia hilohilo moja kulikuwa na kitanda, miti ya matunda, theluji na mnazi. Wahusika waliingilia mekoni, mahali pa moto. Mzee mwenye ndevu nyeupe alinyata kwa ncha za vidole kubadilisha vibao. Firmin Gémier, mwigizaji wa heshima, akajitokeza akiwa Ubu, tumbo mbele, na neno la kwanza alilolitamka lilikuwa lile la Kifaransa la mavi, likiwa limeongezewa herufi moja ya r katika silabi ya mwisho.

Ukumbi ukalipuka. Wapo waliopiga miluzi, waliopiga makofi, waliorushiana ngumi. Lakini Gémier mwenyewe alikumbuka baadaye kwamba kilichowashinda watu kabisa, katika onyesho la matayarisho, hakikuwa neno hilo. Kulikuwa na sehemu ambapo Ubu anafungua mlango wa gereza, na mlango wenyewe ni mwigizaji aliyenyoosha mkono; Gémier akautia ufunguo mkononi mwa mwigizaji huyo na kuuzungusha kama kitasa. Hapo ndipo kelele zilipozidi mpaka akalazimika kucheza dansi jukwaani ili watu wacheke na mchezo uendelee. Ninauamini ushuhuda wake. Tusi watu wazima wamelizoea. Kisichosameheka ni kuwafanya walipe kiingilio waje kutazama mchezo wa watoto.

Mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, alikuwemo ukumbini. Hakujua Kifaransa cha kutosha, akatafsiriwa, akaona mfalme ameshika brashi ya kusafishia choo badala ya fimbo ya kifalme. Aliuunga mkono upande wa Jarry kwa kelele usiku huo, lakini aliporudi hotelini alikuwa na huzuni, akihisi kwamba ushairi wa upole aliouishi yeye na rafiki zake umefungiwa mlango. Magazeti nayo yakagawanyika wiki nzima. Mchezo wenyewe haukurudiwa tena Jarry akiwa hai kwa waigizaji wa namna ile, ila kwa vikaragosi.

Na kisa chenyewe ni kipi? Ubu, aliyewahi kuwa mfalme wa Aragon, ni kapteni wa jeshi la mfalme wa Poland. Mkewe anamchochea kama Lady Macbeth, naye Ubu anamwua mfalme, anakaa kwenye kiti. Akishakaa, anawaita wakuu wa nchi mmoja mmoja, anauliza mali yao, anawadumbukiza shimoni. Wanafuata mahakimu, kisha maofisa wa fedha. Hakuna aliyebaki wa kukusanya kodi, kwa hiyo anaikusanya mwenyewe, kijiji kwa kijiji, na anaidai mara mbili. Vita vikija anatimua mbio. Mwishoni yumo melini na mkewe, salama salimini, wanakwenda Ufaransa. Hahukumiwi na yeyote wala hajuti. Jarry aliwaambia watazamaji kwamba mambo haya yanatokea Poland, maana yake hakuna popote. Wakati huo Poland haikuwepo kwenye ramani, ilishagawanywa na majirani zake tangu mwisho wa karne ya 18.

Mtanzania wa umri wangu hahitaji maelezo zaidi. Vita vya Kagera vilipoanza 1978 nilikuwa kijana, na redioni tulikuwa tunamsikia nduli Idi Amin wa Uganda, mwenye kifua kilichojaa medali na cheo cha kuwa mshindi wa Dola ya Uingereza, mtu aliyeufurahia hata ufalme wa Scotland. Ubu wa Aragon na Poland, Amin wa Scotland. Tulikuwa tunamcheka, na huku watu wanakufa. Jarry aliandika bila kumlenga mtawala yeyote. Alikuwa anamlenga mwalimu wa fizikia. Lakini inaonekana watoto wa shule, kwa kumtazama kwa ukatili mtu mmoja mwenye mamlaka kidogo na asiye na uwezo, walizigundua tabia zote ambazo mamlaka makubwa yangezionyesha baadaye. Watoto, hao wasio na huruma, ni watazamaji wazuri.

Baada ya usiku ule Jarry akaanza kufanya jambo linalonisumbua mpaka leo. Akageuka Ubu. Akawa anaongea kwa sauti ya yule mhusika, kila silabi kwa uzito uleule kama mashine inayogonga, na akijitaja kwa wingi, sisi, kama wafalme. Upepo hakuuita upepo, aliuita kile kinachovuma. Alipanga chumba mtaa wa Cassette, ambako mwenye nyumba aliikata ghorofa katikati kwa ulalo ili apangishe mara mbili, hata dari ikawa chini mno. Jarry alisimama bila shida, wageni waliinama. Alitembea na bastola. Alipanda baiskeli ya Clément aliyoikopa dukani kwao Laval mwaka 1896, deni ambalo hakulimaliza maishani. Alipozikwa mwaka 1898 mshairi Mallarmé, ambaye Jarry alimheshimu kwelikweli, alihudhuria akiwa na mavazi ya baiskeli na viatu vya njano alivyoazima kwa Rachilde, viatu vya kike.

Marafiki walivisimulia visa hivi kwa kicheko, na waandishi wengi wamevirudia kana kwamba ndivyo kazi yake. Mimi naona kijana aliyelivaa jina la utani la mtu mwingine mpaka likamganda. Hébert alipewa Ubu kwa nguvu. Jarry alijipa mwenyewe.

Hata hivyo, katika miaka hiyohiyo ya ulevi na madeni aliandika kitabu ambacho mwalimu wa fizikia hawezi kukipita. Kinahusu Daktari Faustroll, mwanasayansi wa patafizikia. Patafizikia, ambayo mizizi yake ipo katika mzaha wa darasa la Hébert, ni sayansi ya masuluhisho ya kuwazika tu, na kazi yake ni kuchunguza yale yasiyofuata kanuni. Maabarani, mwanafunzi akipata vipimo tisa vinavyokwenda sawa na cha kumi kimeruka pembeni, tunamwambia akifute, kimekosewa. Faustroll angevitupa vile tisa.

Kisa kinaanza na dalali wa mahakama, jina lake Panmuphle, aliyekuja kukamata vitu vya daktari kwa deni la kodi ya nyumba. Daktari anamchukua dalali, anamfunga kwenye kiti cha chombo na kumfanya mpiga makasia. Chombo chenyewe ni chujio. Wasomaji wengi watadhani huu ni ulevi, lakini Jarry alikuwa ameisoma kazi ya Mwingereza C. V. Boys kuhusu mapovu ya sabuni, na sura hiyo amemtunukia. Uso wa maji hujivuta kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Tundu likiwa dogo na limepakwa nta, maji hayapiti. Jaribio hilo nimelifanya darasani kwa chujio la chai na mshumaa. Unayeyusha nta, unalichovya chujio, unalikung'uta haraka ili matundu yabaki wazi, kisha unaliweka polepole juu ya beseni la maji. Linaelea. Wanafunzi waliokuwa wanasinzia huamka. Humo kitabuni daktari anasafiri kwa chujio lake ndani ya Paris kana kwamba ni baharini, kisiwa hadi kisiwa, pamoja na nyani ambaye msamiati wake wote ni kicheko. Daktari mwenyewe akiwa ameshakufa, anamwandikia barua mwanafizikia Lord Kelvin. Mwisho kabisa anakokotoa eneo la Mungu kwa hesabu za aljebra, hatua kwa hatua, bila kutabasamu.

Mtu hawezi kucheza hivi na fizikia asiyoijua. Jarry aliwasoma wanasayansi Kelvin, Crookes na Boys kwa makini. Alipoisoma hadithi ya H. G. Wells ya mashine ya kusafiri katika wakati, mwaka 1899 alichapisha makala ya kueleza namna ya kuijenga, yenye maneno ya kiufundi mpaka unaanza kutafuta spana. Darasa la Hébert lilimfundisha dharau, sawa, lakini naamini liliacha pia kitu kingine. Hakuna mchapishaji aliyekitaka kitabu cha Faustroll. Kilitoka kikamilifu 1911, miaka minne baada ya mwandishi kuzikwa.

Riwaya ya Le Surmâle, ya 1902, ina mbio za maili elfu kumi kati ya treni na baiskeli moja ya watu watano. Mmoja wao anafia njiani na maiti inaendelea kupiga pedali. Katika almanaki ya Ubu ya 1901, iliyochorwa na Bonnard, Ubu anapelekwa makoloni, na huko Jarry anaudhihaki ukoloni wa Ufaransa wakati ambapo wengi wa wenzake walikuwa wanaupigia makofi. Dhihaka yenyewe inamwacha Mwafrika akiwa kichekesho vilevile, na sina sababu ya kumtetea katika hilo.

Pesa hazikuja. Alivua samaki mto Seine ili ale, akajijengea kibanda kando ya mto kule Coudray. Alikunywa absenthi kuanzia asubuhi, na ilipomshinda bei akahamia etha. Mwisho wa Oktoba 1907 Vallette na Dokta Saltas walimkuta chumbani kwake miguu haifanyi kazi. Walimpeleka hospitali ya Charité. Saltas alimwuliza kama kuna kitu anachokitaka, akasema kijiti cha kuchokolea meno. Alikufa tarehe 1 Novemba kwa kifua kikuu kilichopanda kwenye utando wa ubongo. Alikuwa na miaka 34.

Mwaka 1921 mtafiti Charles Chassé alichapisha kitabu baada ya kuzungumza na Charles Morin, ambaye kwa wakati huo alikuwa ofisa wa jeshi. Morin alisema mchezo ule ni wa kwake na ndugu yake, ni upuuzi wa utotoni, na wasomi wa Paris wamejidanganya kuuita fasihi. Sehemu ya kwanza ni kweli, na Jarry hakuificha sana. Kwenye sehemu ya pili Morin amekosea. Yeye alikuwa na daftari na hakuona kilichomo. Kuona ndiyo kazi ya mwandishi.

Jengo la shule yao nalo lilipata kisa chake. Agosti 1899 lilitumiwa kwa kesi ya pili ya Kapteni Alfred Dreyfus, Myahudi aliyesingiziwa usaliti. Ushahidi wa kughushi ulikuwa umeshajulikana, na bado majaji wa kijeshi walimtia hatiani tena, ila wakasema kuna sababu za kumpunguzia adhabu. Vikaragosi vya akina Morin havikuwahi kutoa hukumu ya kichekesho kuliko hiyo. Shule hiyo leo ina jina la Émile Zola, mwandishi aliyemtetea Dreyfus.

Waliorithi kazi ya Jarry ni wengi. Antonin Artaud na Roger Vitrac walianzisha 1926 jukwaa lililobeba jina lake. Mwaka 1948 wakaja waanzilishi wa Chuo cha Patafizikia, ambacho miongoni mwa wanachama wake walikuwa Ionesco, Queneau na Boris Vian. Warithi waliomwelewa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa bara letu. Afrika Kusini mwaka 1997, Jane Taylor na William Kentridge, pamoja na watengeneza vikaragosi wa Handspring, walimfanya Ubu kuwa polisi wa ubaguzi wa rangi anayesubiri kuhojiwa na Tume ya Ukweli na Maridhiano, na mashahidi wakawa vikaragosi vya mbao vinavyosema maneno ya kweli ya wafiwa. Mwaka 2001 Wole Soyinka akamleta Lagos kwa jina la King Baabu, na kila Mnaijeria akamjua jenerali aliyekusudiwa.

Ukitaka kumsoma Jarry, usianze na mashairi, wala usianze na Faustroll ingawa mimi ndiye ninayemsifu. Anza na Ubu Roi, na usiisome peke yako kimya. Watafute watu watano, maboksi ya kukatia vichwa vya farasi, na mtu mmoja asiye na aibu wa kuwa Ubu. Hakimiliki yake ilishakwisha zamani, kwa hiyo klabu ya maigizo ya shule yoyote yenye mtu wa kuifasiri kutoka Kifaransa inaweza kuicheza bila kumlipa mtu senti. Mwalimu wa fizikia apewe kiti cha mbele.